Nyumba ni ya Muuzaji, Ardhi ni ya Nani?

Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa mimi na mke wangu, tulipoamua kuacha kupanga, ilikuwa Majengo, hapa Mombasa: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, na bei nafuu kiasi cha kututia shaka. Mwenyewe, bibi aliyekaa hapo tangu utotoni, alitutolea kopo la biskuti lililojaa risiti, nyingine zimegeuka rangi ya chai. Nilipomwomba hatimiliki alinitazama kwa mshangao. "Hati ya nini tena, mwanangu? Kiwanja kina wenyewe. Sisi twalipa kodi tu."

Hakutudanganya hata neno moja. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kuuliza, kwa kuwa nilidhani anayeuza nyumba huuza pia ardhi iliyo chini yake. Kwingineko Kenya dhana hiyo ni sahihi, maana sheria huhesabu jengo kuwa sehemu ya ardhi. Hapa Pwani, hata hivyo, kuna desturi ya miaka mingi inayotenganisha vitu hivyo viwili, ambapo mtu hujenga nyumba yake kwenye kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na akawa na uhuru wa kuirithisha au kuiuza ile nyumba bila kuigusa ardhi. Chanzo kimoja ni sheria ya mwaka 1908 iliyowataka wenye ardhi za Pwani wajitokeze kudai haki zao. Waliodai na kukubaliwa walipewa hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Matokeo yake ni kwamba mitaa mizima ya Mombasa imekaliwa na watu wenye nyumba wasio na ardhi.

Sisemi kwamba nyumba za namna hiyo hazinunuliki, kwani jamaa zangu kadhaa wanaishi humo kwa amani. Lakini anayenunua ajue kwamba anachopata ni kuta, paa na nafasi katika daftari la mwenye kiwanja, na kwamba siku ardhi itakapouzwa kwa mtu anayetaka kujenga ghorofa, kopo lake la risiti halitampa nguvu kubwa mbele ya hakimu. Benki niliyoiendea kuomba mkopo iliposikia hakuna hati ya ardhi, mazungumzo yalikwisha kabla sijakaa vizuri kitini. Ziko pia ardhi za wakfu, yaani zilizotolewa kwa ajili ya dini au hisani, ambazo kwa asili yake hazipaswi kuuzwa, na kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi katika mji huu ni kiwanja ni cha nani, kabla hata ya kuuliza bei.

Nyumba ya pili ilikuwa Bamburi, na hiyo ilikuwa na hati. Dalali alinionyesha nakala akiwa ameishika kwa ncha za vidole kama picha ya harusi: nambari inayoanza na MN, herufi zinazoonyesha kwamba kiwanja kiko bara ya kaskazini ya Mombasa, na nyingine ya CR, ambayo ni ya masjala ya ardhi ya Pwani. Alituambia pia kwamba yupo wakili atakayemshughulikia muuzaji na sisi kwa pamoja, ili tupunguze gharama. Hapo nilikataa katakata. Wakili mmoja hawezi kumlinda muuzaji dhidi yangu na wakati huohuo akanilinda mimi dhidi ya muuzaji, na nafuu ya ada niliyoahidiwa haikutosha kunishawishi vinginevyo.

Wakili wetu alianza na upekuzi rasmi, ambao madalali huuita sachi. Karatasi iliyorudi kutoka masjala ilikuwa ya ukurasa mmoja: haikuonyesha rehani wala zuio la mtu yeyote, ila jina la mmiliki halikuwa la bwana tuliyekuwa tukizungumza naye. Lilikuwa la baba yake, aliyefariki dunia. Bwana huyo, kaka mkubwa katika familia, alikuwa akiuza nyumba ya mirathi ambayo mirathi yake haijafunguliwa, na dalali alipoona nimekunja uso alisema, "Bwana, tuandikishane kwa chifu, yaishe." Karatasi ya chifu haihamishi ardhi. Kwa sheria ya Kenya mali isiyohamishika ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, na anayenunua kabla ya hapo amenunua ugomvi wa familia nzima.

Tulisubiri miezi mitano. Familia ilikwenda Mahakama ya Kadhi, mjane akapangiwa thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, watoto wa kiume na wa kike mafungu yao, na dada mmoja anayeishi Muscat akatia saini kukubali mauzo. Wakati huo dalali alinipigia kila wiki kunijulisha kwamba kuna mtu mwingine mwenye fedha taslimu. Mtu huyo sikupata kumwona.

Wakili aliutumia muda huo kufuatilia historia ya hati yenyewe: ilitolewa kwa nani mara ya kwanza, na kwa utaratibu gani. Niliona kama anajiongezea kazi, mpaka aliponieleza kesi ya kiwanja kilichoko kando ya bahari pale Nyali, ambapo kampuni iliyokuwa na hati mkononi, baada ya kukinunua kwa fedha zake, ilishtakiana na Serikali ya Kaunti ya Mombasa hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2023 mahakama hiyo iliamua kwamba ikiwa ardhi ya umma iligawiwa tangu mwanzo bila kufuata sheria, hati iliyozaliwa na ugawaji huo haimlindi hata mnunuzi wa baadaye. Upekuzi rasmi humjulisha mtu nani ameandikwa leo. Hauelezi kama aliyeandikwa wa kwanza aliipata ardhi kwa njia ya halali.

Mpimaji ardhi naye alikuja na chombo chake, akaitafuta bikoni, alama ya mpaka, ya kona ya nyuma na kuikuta chini ya banda la kuku la jirani, lililoingia mita moja na zaidi upande wetu. Jirani ni mzee mstaarabu. Alisema, "Nyinyi nunueni, kuku nitawahamisha," na wakili akasisitiza kwamba maneno hayo yaandikwe na yatiwe saini.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida. Arbuni ya asilimia 10 ilishikwa na wakili wa muuzaji, mkataba ukatoa siku 90 za kukamilisha, na kodi ya kaunti ikalipwa hadi shilingi ya mwisho. Ushuru wa stempu ni juu ya mnunuzi, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, nao hukadiriwa kwa thamani anayoitoa mthamini wa serikali, kwa hiyo anayeandika bei ndogo mkatabani akidhani amejiokolea fedha atakuja kushangazwa. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu mwaka 2023, ni ya muuzaji.

Swali ambalo sikulitarajia lilikuja siku ya kutia saini, wakili alipotuuliza tutaandikwa vipi. Wanandoa wanaweza kumiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki mwenzake huchukua yote, au kila mmoja akamiliki fungu lake linalojulikana, ambalo huingia katika mirathi yake. Mke wangu ndiye aliyejibu, akiwakumbuka mjane wa Bamburi na thumni yake, na yule dada wa Muscat: tugawane nusu kwa nusu, na kila nusu ifuate warithi wake kwa mujibu wa dini. Wakili aliandika hivyo, akageuza karatasi na kutuonyesha mahali pa kutia saini.