Mguu wa Baba Chini ya Isale

Mwaka 1998, nikiwa na miaka 17, nilibeba mguu wa baba yangu kutoka hospitali mpaka nyumbani Kibosho.

Kisukari kilianza na kidole gumba, wakati wa masika. Kidonda kikawa cheusi, na mwezi wa sita madaktari wakaukata mguu wa kushoto chini kidogo ya goti ili abaki hai. Muuguzi alikuja kuuliza kama familia itauchukua au wauteketeze wao. Mama alijibu kabla yule dada hajamaliza kuuliza: "Tunauchukua. Utazikwa kihambani."

Nikapewa boksi lililofungwa kwa plasta. Kwenye Haisi nililipakata. Konda alitaka niliweke chini ya kiti, nikakataa, nikamwambia akitaka nitalilipia nauli. Lilikuwa na uzito wa mtoto mchanga, na njia nzima nililishika vile mtu anavyomshika mtoto mchanga, mkono mmoja chini, mwingine juu.

Baba mdogo alichimba shimo kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba na mibuni, la kina cha kutosha ili mbwa wasifukue. Hakuna aliyejua sala ya kuzikia mguu. Mama akafanya ishara ya msalaba, tukasali Baba Yetu, tukafukia. Juu tukapanda mmea wa isale, kama tufanyavyo Wachaga kwenye makaburi na mipakani.

Baba aliporuhusiwa kurudi, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mmeuweka wapi?" Nikamshika kwapani, akatembea na magongo hadi pale. Alisimama kitambo kirefu akiangalia udongo. Usiku ule vidole vikaanza kumuwasha: vidole vya kushoto, vilivyokuwa chini ya isale. Alivitaja kimoja kimoja, hasa kile cha mwisho.

Jumapili moja ya Julai, jioni ya baridi kali, katekista wetu alikuja kumjulia hali. Tulimwita Mwalimu, mzee wa maneno machache. Mama alikuwa amelileta jiko barazani ili baba aote moto, na ndizi zinachemka juu yake. Baba mdogo naye alikuwepo, akitaka kumfariji kaka yake.

"Kaka, usihangaike na mguu. Mwili ni nguo tu. Siku ile tutaivua, iende roho."

Baba alikasirika. Sikuwa nimemwona amekasirika tangu akatwe. "Kila Jumapili tunasali Nasadiki. Tunasema ufufuko wa miili. Wa miili! Kama ni roho tu, kwa nini tunasema uongo mbele ya altare?"

Baba mdogo alikuwa msomaji wa Biblia, na jibu lilikuwa tayari. "Paulo amewaandikia Wakorintho, nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Na akasema, hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho. Wa roho, kaka."

Baba akanyamaza. Niliona amebanwa, nikaumia kwa ajili yake.

Mwalimu alikuwa akiangalia moto. Akaniuliza, "Hili ni jiko la nini?"

"La mkaa, Mwalimu."

"Limetengenezwa kwa mkaa?"

"Hapana. Ni bati na udongo."

"Sasa mbona unaliita la mkaa?"

"Kwa sababu linawaka kwa mkaa."

Akamgeukia baba. "Mwili wa roho ni hivyo hivyo. Mwili ni mwili. Leo unawaka kwa pumzi hii yetu inayokwisha. Siku ile utawaka kwa Roho wa Mungu, na hiyo haigeuki majivu." Kisha akamwambia baba mdogo, kwa upole, kwamba Yesu alimwambia Petro, mwili na damu havikukufunulia hili, akimaanisha mwanadamu kwa nguvu zake mwenyewe. Kinachoshindwa kuurithi ufalme ni huku kuoza kwetu.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba neno la Kigiriki tunalolisoma "wa asili" ni *psychikon*, nalo limetoka kwenye neno la nafsi. Kwa hiyo kama "mwili wa roho" ungekuwa umeumbwa kwa roho, huu tulio nao leo ungekuwa umeumbwa kwa nafsi, na mtu aliyeuosha mwili wa marehemu hawezi kusema hivyo. Mwalimu hakujua Kigiriki. Alijua jiko. Hata leo nikisikia msibani mtu akisema "hili ni ganda tu," moyo unanisononeka, maana Paulo alipohubiri Athene baadhi ya wasikilizaji wangeweza kuipokea habari ya roho kuponyoka mwilini. Kilichowafanya wengine wamdhihaki ni habari ya wafu kufufuka.

Lakini swali la baba lilikuwa bado halijajibiwa. Akauliza polepole: "Mwalimu, nitafufuka na miguu mingapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Bwana alipofufuka aliwaonyesha mikono na miguu," Mwalimu akasema. "Akala samaki wa kuokwa mbele yao. Na matundu ya misumari yalikuwepo bado, Tomaso akaambiwa ayaguse. Kwa hiyo kovu, siwezi kukuahidi kwamba litafutika. Ila wewe ni mkulima. Punje ya mahindi ikipasuka pembeni, kiini kikiwa kizima, inaota nusu bua?"

"Inaota bua zima," baba akasema.

Baadaye nilikuta kwamba Mtakatifu Agostino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 5, alihangaika na swali hilo hilo: waliokatwa viungo, walioliwa na wanyama. Akaona watarudishiwa viungo vyao, na kwamba huenda makovu ya mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani yatabaki, yakiwa uzuri. Nilitamani baba angekuwa hai nimsomee.

Mwalimu alikula ndizi, akaondoka na kurunzi yake. Usiku wa manane baba akaniita. Kidole cha mwisho kilikuwa kinawasha, hawezi kulala. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikapeleka mkono pale ambapo blanketi lilikuwa limelala bapa juu ya godoro, nikaanza kukuna.

"Chini kidogo," akasema. "Hapo. Hapo hapo."

Nikaendelea mpaka akasinzia.