Dada yangu ana neno kwa kila kitu, nimeishi naye hivi

Naandika kwa wale wenye ndugu au mtu wa karibu ambaye ukikohoa tu ana maoni. Wangu mimi ni dada, wa kwanza kuzaliwa kwetu, na niseme mapema kabisa kwamba nampenda na ukiwa na shida hana mfano, atakesha na wewe, ila ana gubu huyo na kila kitu lazima kipite kwake, nywele nimesuka nini, mtoto namlisha nini, kazi gani niombe, mbona jana simu yangu ilikuwa inatumika muda wote naongea na nani. Na usidhani anafoka. Anaongea taratibu, "mdogo wangu mimi nakwambia kwa sababu nakupenda, nani mwingine atakwambia", halafu ukitoka pale unajiona hufai kwa lolote.

Watu walinishauri nimjibu, wengine wakasema nimzoee tu ndo alivyo. Kwangu kilichosaidia ni kuacha kutoa sababu, basi. Nilianza kuangalia mazungumzo yetu yanavyokwenda nikaona yote yana njia moja. Anauliza mbona umeacha ile kazi, nasema mbali, mshahara mdogo, bosi mkorofi. Anaanza, mbali ungeamka mapema, mshahara mdogo si bora kuliko kukosa, bosi gani asiye mkorofi. Kila sababu niliyotoa ilikuwa ni kesi mpya naipeleka mwenyewe mbele yake, mimi mshtakiwa yeye hakimu, na hakimu ndo anayeamua kikao kinaisha saa ngapi. Sasa nikajiuliza, kwani nani alimteua?

Basi nikawa namjibu kifupi. "Nimeamua hivyo dada." Kwa nini lakini? "Nimeona inanifaa." Hujafikiria mbele wewe. "Inawezekana, tutaona." Halafu nahamia mambo mengine, namuuliza mgongo unaendeleaje. Hapa sauti ndo kila kitu jamani, ukisema maneno hayo hayo huku umebetua mdomo umeshatangaza vita. Na kama kwenye maneno yake kuna kipande cha ukweli nakikubali hapo hapo, "kweli dada, leo nyumba imechafuka", natia nukta. Kutia nukta ndo shughuli yenyewe, maana ulimi unawasha kuongeza lakini nilikuwa naumwa lakini mtoto lakini maji, ukishafungua huo mlango mmerudi mahakamani.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni kwamba mwanzoni hali inakuwa mbaya zaidi. Yaani nilitegemea apunguze, akazidisha! Simu asubuhi na usiku, meseji za sauti ndefu mpaka unasahau alianzia wapi, akasusa kuja kwangu, akawaambia mashangazi siku hizi nimebadilika kuna mtu ananijaza maneno. Baadaye nikaja kusoma mambo ya saikolojia ya kujifunza, yale ya akina B.F. Skinner, mwanasaikolojia Mmarekani aliyechunguza tabia zinavyojengeka, nikakuta hilo linajulikana kabisa, kwamba tabia iliyozoea kuzaa matunda ukiikatia matunda ghafla inaweza kupanda kwanza ndipo ishuke. Na kuna lingine hapo, tabia inayolipwa mara moja moja ni ngumu kuifuta kuliko inayolipwa kila mara. Maana yake ukikaza wiki nzima halafu siku ya nane ukachoka ukaanza kujieleza, umemfundisha kwamba akisukuma vya kutosha utafunguka. Kwa hiyo kama hujajiandaa kuvumilia kile kipindi cha kununiwa bora usianze kwanza, utajichosha bure.

Mahali paliponishinda kwa muda ni masimango. "Mimi ndo nilikulipia ada." Hapo unajibu nini sasa, na kweli alilipa! Nikatafuta maneno mpaka nikapata yangu, "Ulinilipia dada na nashukuru hadi leo, hili la kuhama naamua mwenyewe." Shukrani inabaki, uamuzi unabaki. Ila maneno peke yake hayatoshi, nikaacha pia kupokea vile visaada vidogo vidogo kutoka kwake hata mambo yakiwa magumu, kwa sababu kila kimoja kilikuja na haki ya kuniuliza nimekitumiaje. Na mipango yangu namwambia ikishakamilika, siyo ikiwa bado mbichi. Kuna watu wataona hii ni kuficha ndugu mambo, sawa, mimi naona mipango mibichi haimudu kukosolewa, inakufa kabla haijaanza.

Halafu siyo kwamba kila anachosema ni takataka. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani anaitwa John Gottman, ametumia miaka mingi kuchunguza wanandoa wanavyogombana, anatenganisha lalamiko na ukosoaji, kwamba lalamiko linahusu ulichofanya na ukosoaji unakuhusu wewe ulivyo. "Hujarudisha sufuria langu" ni lalamiko. "Wewe huna adabu na vitu vya watu" hiyo ni nyingine. Juu ya hizo anaweka dharau, ile ya kukucheka na kukuona mdogo, na anasema hiyo ndo dalili mbaya kuliko zote. Mimi hii nimeifanya chujio. Akilalamika narudisha sufuria siku hiyo hiyo bila maneno, akinikosoa napotezea, akinidharau naaga naondoka, "dada naona leo tupumzike, tutaongea kesho", na kesho nampigia kweli mimi mwenyewe ili ajue sijasusa.

Kazini nilikuwa na msimamizi wa aina hiyo hiyo ya kufuatilia kila hatua, nikasema nitumie dawa ile ile, nikagundua mapema haifai. Huyu ukimkaushia ndo anachanganyikiwa kabisa, kwa sababu shida yake ni woga, anaogopa wakubwa wake wamuulize kitu hajui. Nikageuza, nikawa namtumia taarifa fupi asubuhi kabla hajauliza, nimefikia hapa, kimebaki hiki, nakwama pale. Akapoa. Kwa hiyo angalia kwanza anayekubana anatafuta nini, anataka kutawala au anataka kutulia roho.

Na hapa nisimame kidogo. Haya yote ni ya watu wanaokera, siyo ya watu unaowaogopa. Kama ni mwenza wako anashika simu yako, anashika hela zako, anakukataza ndugu na marafiki, na ukisikia mlango unafunguka tumbo linakucheza, hilo siyo gubu, na kumjibu kifupi kunaweza kukuletea hatari. Uingereza na Wales tangu 2015 kumtawala mwenza au mwanafamilia kwa staili hiyo ni kosa la jinai na kifungo kinaweza kufika miaka 5, ndo ujue siyo mambo ya kuambiwa vumilia. Hapo tafuta mtu wa kuaminika umwambie, weka vitambulisho vyako kwa mtu mwingine unayemwamini, na kama unapanga kuondoka usimtangazie.

Turudi kwa dada. Saa hizi tunaongea vizuri, simu zimepungua na tunacheka zaidi kuliko zamani, ila hajaacha na sidhani kama ataacha. Alichofanya amebadili njia, sasa anamtuma mama. Mama ananipigia, anazunguka weee, habari za mtoto, habari za kazi, mwisho linatoka, "eti dada yako anasema hilo gauni la harusini..." Namwambia mama naomba anipigie mwenyewe. Mama anaguna anasema nyie watoto mtaniua, na wiki ijayo ananipigia tena. Hii bado sijaipatia dawa, mama huwezi kumjibu "tutaona", kama kuna aliyefanikiwa hapo anisaidie.