Daktari wa Tatu

Nilikuwa na umri wa miaka 29 nilipovunjika mkono karibu na kiganja kwa kuteleza tu, tena mahali tambarare. Aliyenifunga plasta hakuridhika kwamba anguko dogo namna ile lingeweza kuvunja mfupa wa kijana, akaniagizia kipimo cha DEXA, ambacho hupima wingi wa madini ya mifupa kwa mionzi kidogo sana. Majibu yalionyesha kwamba uti wangu wa mgongo ulikuwa na madini pungufu kuliko yanayotarajiwa kwa mtu wa rika langu.

Daktari wa kwanza niliyempelekea majibu hayo alicheka. Alisema maradhi hayo ya mifupa kudhoofika ni ya akina mama waliokoma hedhi, akanishauri ninywe maziwa. Wa pili hakucheka, lakini hakuuliza lolote pia: aliniandikia palepale dawa za kundi la bisfosfoneti, ambazo huzuia mfupa usimomonyoke. Dawa hizo zimewasaidia wengi, na siwakatazi watu kuzitumia. Ila hubaki ndani ya mfupa kwa miaka, nami sikuona sababu ya kuzianza kabla ya mtu yeyote kujiuliza madini yangu yalikuwa yakienda wapi. Nikiri kwamba huyu aliniudhi kuliko yule aliyecheka.

Wa tatu, bingwa wa magonjwa ya homoni, alianza na karatasi ya majibu yenyewe. Alinieleza kwamba kiwango cha -2.5 ambacho kila mtu hukitaja kama mpaka wa maradhi hayo kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 kwa kuwafikiria wanawake waliokoma hedhi, na hutumia alama T, inayomlinganisha mtu na vijana wenye afya. Mwanamume aliye chini ya miaka 50 husomwa kwa alama Z, inayomlinganisha na wenzake wa umri wake, na ikiwa -2.0 au chini ya hapo ndipo husemwa kwamba amepungukiwa. Yangu ilikuwa -2.4. Aliangalia pia kimo changu, kwa sababu mtu mwenye umbo dogo huweza kuonekana na mifupa myepesi kuliko ilivyo kweli.

Kisha yakaja maswali: je, niliwahi kutumia prednisoloni, dawa ya steroidi inayoweza kudhoofisha mifupa, kwa miezi, tumbo linasumbua, navuta sigara, nakunywa pombe kiasi gani, nimewahi kupata mawe kwenye figo, mzazi wangu yeyote amevunjika nyonga? Akaagiza vipimo vya kalsiamu, vitamini D, homoni za tezi za shingoni, testosteroni, ambayo damu yake hutolewa asubuhi inapokuwa juu, ugonjwa wa siliaki unaozuia utumbo kufyonza virutubisho, na mkojo wa saa 24. (Kutembea na dumu la mkojo siku nzima ni mtihani ambao hakuna anayekuandaa kwa ajili yake.)

Dumu hilo ndilo lililotoa jibu: figo zangu zilikuwa zikimwaga kalsiamu nyingi kupita kiasi. Nilipewa dawa ya kundi la thiazaidi, ambayo huzifanya figo ziirudishe mwilini, nikaambiwa nipunguze chumvi, kwa kuwa sodiamu hutoka pamoja na kalsiamu, lakini nisipunguze kalsiamu katika chakula, jambo ambalo ningelifanya kwa kudhani ni busara.

Nilipomuuliza kama nitavunjika tena, alijibu kwamba hajui. Alisema tutarudia kipimo baada ya miaka miwili, kwenye mashine ileile, kwa sababu majibu ya mashine mbili tofauti hayalinganishwi kirahisi, akaiandika tarehe kwenye kadi yangu.