Koroboi, jani la gimbi na jicho la nondo

Nafundisha fizikia Pangani. Mwanafunzi mmoja alinishika pabaya: kwa nini kamera ya nje ikinyeshewa haioni kitu, na jani la gimbi linyeshewe kutwa halilowi?

La maji halikunisumbua. Jani la gimbi limejaa vinundu vidogo sana vyenye nta. Tone hukaa kwenye ncha zake, chini yake hewa. Nikawasha koroboi, nikapitisha kipande cha kioo juu ya mwali. Cha kwanza kilipasuka, nilikituliza mahali pamoja mno. Cha pili nikakichezesha huku na huku mpaka masizi yakatanda, nikakiacha kipoe, nikakiinamisha kidogo. Tone kutoka bomba la sindano likajiviringa kama shanga, likakimbia hadi mezani limebeba chembe nyeusi. Makofi!

“Lakini mwalimu, kamera itaona nini kwenye kioo cheusi?”

Kweli tupu. Nikawaeleza kwamba mwaka 2012 wanasayansi wa Mainz, Ujerumani, waliyavika masizi ya mshumaa ganda jembamba la silika (dutu inayotengenezea kioo), wakayachoma kwa nyuzi 600 za Selsiasi. Masizi yakaungua, likabaki ganda linalopitisha mwanga, nalo wakalipaka kemikali ya kufukuza maji. Sisi shuleni tanuri hilo hatuna.

Kazi ilikuwa kwenye mng'ao, maana kioo cha kamera kinatakiwa kupitisha mwanga, si kuurudisha. Kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Nilipobebanisha vipande 10, yaani nyuso 20, ungeweza kuchania nywele hapo. Jicho la nondo, yule mdudu wa usiku, halimetimeti hivyo, kwa sababu limejaa vichuguu vilivyoachana kama nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na wimbi la mwanga tunaouona lina urefu wa nanomita 400 hadi 700. Nilichora ubaoni mara mbili, nyuso za wanafunzi zikabaki kavu, hawajaelewa.

Nikawatoa nje, tukashuka ufukweni. Wimbi likigonga ukuta linarudi. Likipanda mchanga wenye mteremko, linaishia humo humo. Vile vichuguu ni mteremko: mwanga hauoni hewa inapokomea na jicho linapoanzia, basi haugeuki. “Kumbe kioo ni ukuta!” akasema binti mmoja, nami nikamwachia amalizie somo.

Tuliporudi, kuna aliyekuwa amepitisha kidole kwenye kioo cha masizi. Tukadondosha maji. Yakanata palepale kwenye mchirizi wa kidole.