Ufunguo wa nyumba, ufunguo wa choo

Kuna rafiki yangu nilimpa The Apartment aitazame akitegemea kucheka, akaja kuniuliza kama namtakia mema. Namwelewa. Ni vichekesho kweli, filamu ya 1960 isiyo na rangi, kazi ya Billy Wilder, na ilizoa Oscar tano ikiwemo ya filamu bora. Ila kisa chake ukikisimulia kavukavu hakuna atakayecheka.

C.C. Baxter (Jack Lemmon) ni karani wa kampuni ya bima New York. Makao makuu yana wafanyakazi 31,259, naye yuko ghorofa ya 19, meza namba 861, kwa dola 94.70 za wiki. Wilder alitaka ukumbi ule uonekane hauna mwisho, kwa hiyo kadiri unavyokwenda nyuma meza zilizidi kuwa ndogo, na waliozikalia wakazidi kuwa wafupi, hadi watoto. Utatokaje kwenye umati kama ule? Baxter ana nyumba ya kupanga karibu na Central Park na hana mke. Mabosi wanne wana wake, wana michepuko, na hawana pa kuipeleka. Anawaazima ufunguo, wao wanamwandikia sifa nzuri kwenye ripoti zake.

Napenda mno lile tukio la simu. Usiku amelala kwenye benchi la bustani maana nyumba ina mgeni, asubuhi ana mafua na homa. Anataka alale kwake leo, basi. Lakini leo imeshachukuliwa, na huyo wa leo hahamishiki mpaka wa siku nyingine naye ahamishwe. Anampigia huyu, anamrudia yule, kalenda mezani, kamasi zinatiririka. Ndiyo kazi pekee tunayomwona akiifanya kwa moyo ofisini, na ndiyo inayompandisha cheo. Nimekaa ofisi za watu. Nilicheka, kisha nikawakumbuka watu fulani.

Halafu mkurugenzi wa utumishi, Sheldrake, anamwita juu ghorofa ya 27. Ameshtuka kuona karani mmoja anasifiwa na wakuu wa idara chungu nzima. Baxter anatokwa jasho akijua kazi imeota mbawa. Kumbe mzee naye anautaka ufunguo! Na binti anayempeleka huko ni Fran (Shirley MacLaine), mwendesha lifti, yule yule Baxter anayemtamani.

Baxter anavyogundua hilo ndipo nilipomvulia Wilder kofia. Sherehe ya Krismasi ofisini, Baxter anajaribu kofia yake mpya ya kibosi, Fran anamwazima kioo cha poda ajitazame. Kioo kina ufa. Ni kile kile Baxter alichokiokota nyumbani kwake na kumrudishia Sheldrake. Fran anasema anakipenda hivyo hivyo, kinamwonyesha anavyojisikia. Hakuna aliyepaza sauti, na sherehe inaendelea.

Wengi humhurumia Baxter kama mtoto aliyeonewa. Mimi simwachii kirahisi hivyo: alijua anachokiuza, na bei aliikubali. Heshima yangu inaanza pale Sheldrake anapoomba tena ufunguo, Baxter anampa mwingine. Mzee anasema umekosea, huu ni wa choo cha wakubwa. Hajakosea. Ameacha kazi.

Ila anayestahili makofi kuliko wote, kwangu mimi, ni Miss Olsen, katibu muhtasi wa Sheldrake. Naye aliwahi kuwa mchepuko wake, na kwa miaka akabaki nje ya ule mlango akiwaona wenzake wanavyopokezana. Ndiye aliyemfungua macho Fran. Sheldrake anamfukuza kazi kwa hilo, naye kabla hajatoka anainua simu na kumpigia mke wa bosi.