Hati Iliyopatikana Ahmetha

Somo: Ezra 5 na 6

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nawaandikia hasa ninyi mlioombea makaratasi ya ukaazi ya mume au mke mpaka maneno yamewaishia. Fomu mlijaza, cheti cha ndoa mkaambatisha, ada mkalipa, alama za vidole zikachukuliwa. Tangu hapo jibu ni lile lile: ombi lenu linashughulikiwa. Cheti cha afya kimeisha muda, mmepima tena. Cheti cha polisi nacho hivyo hivyo. Namba ya faili mmeshaikariri, na asubuhi mkono unakwenda kwenye simu kuangalia kama kuna lolote jipya, hata kabla ya kusali.

Tukitafuta habari za kungoja katika Biblia, wengi tunakimbilia kwa Abrahamu, kwa Hana, au kwa Yusufu gerezani. Ni pazuri. Ila kitabu cha Ezra kina habari iliyo karibu zaidi na yenu, maana ndani yake mna vibali, barua za maofisa, na hati iliyotafutwa mji mmoja ikaonekana mji mwingine.

Mwaka 538 kabla ya Kristo mfalme Koreshi wa Uajemi aliwaruhusu Wayahudi warudi Yerusalemu wakajenge hekalu. Ruhusa ilikuwa halali, na iliandikwa. Wakaweka msingi kwa shangwe na machozi. Kisha wapinzani wakaajiri washauri wa kuwavuruga, kama isemavyo Ezra 4:5, na kazi ikasimama mpaka mwaka wa pili wa kutawala kwa mfalme Dario, yaani 520 kabla ya Kristo. Hesabuni wenyewe: ni miaka 18 hivi tangu amri kutolewa. Walipoanza tena kujenga, Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Mto Frati, akaja na maswali. Nani kawapa amri? Majina ya wakuu wenu ni akina nani? Akamwandikia mfalme kuomba itafutwe kama kweli Koreshi aliwahi kutoa ruhusa hiyo.

Wakatafuta Babeli, kwenye nyumba ya kumbukumbu. Hati ikaonekana Ahmetha, katika nchi ya Umedi, mamia ya kilomita kutoka huko. Ilitaja kimo cha nyumba, dhiraa 60, na upana wake dhiraa 60, safu tatu za mawe makubwa na safu moja ya miti mipya, na kwamba gharama itoke katika nyumba ya mfalme.

Hapo ndipo nimekaa wiki nzima. Miaka yote ile ambayo hakuna mtu Yerusalemu aliyeweza kuonyesha karatasi yoyote, karatasi ilikuwepo. Iliandikwa sawasawa na kuhifadhiwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wao angefikiria kwenda kuuliza. Kimya cha ofisi hakikuwa kimya cha Mungu. Na Bwana hakuleta hati mpya kutoka mbinguni. Alimtumia mtu aliyekaa kati ya makabati akafungua na kusoma. Mtu huyo hajatajwa jina. Ndiyo maana naamini tunapoombea makaratasi tumwombee pia ofisa ambaye faili liko mezani kwake, apewe afya, macho makini na moyo wa haki. Huyo naye ana Mungu anayemwona.

Ila msipite haraka sura ya 5. Hati ilikuwa bado haijapatikana manabii Hagai na Zekaria walipoinuka wakawaambia watu wajenge. Viongozi wao, Zerubabeli na Yeshua, wakaanza, na maswali ya Tatenai yakawakuta kazini. Neno linasema jicho la Mungu wao lilikuwa juu ya wazee wa Wayahudi, wala hawakuzuiwa shauri lilipokuwa bado linakwenda kwa Dario. Simwambii mtu avunje masharti ya kibali chake. Wale walikuwa wamepewa amri halali na Koreshi, ingawa karatasi yake ilikuwa haijaonekana, na aliyekatazwa kufanya kazi mpaka kibali kitoke na atii. Jengo ninalolisema ni ndoa yenu.

Maana ndoa nyingi zimesimama kama hekalu lile. Kila jambo linasukumwa mbele: makaratasi yakitoka tutazungumza, makaratasi yakitoka tutasali pamoja kama zamani, makaratasi yakitoka tutafikiria mtoto. Mengine kweli hayana budi kungoja, na ni busara. Lakini kusameheana hakuhitaji kibali. Kuulizana habari za moyo hakuhitaji muhuri. Wenye kuishi mbalimbali, mmoja amelala wakati mwenzake yuko kazini, najua simu inageuka ofisi ya pili: umetuma ile hati, umewapigia, wamesema nini? Tengeni mazungumzo ambayo faili halitajwi kabisa. Someni zaburi moja pamoja. Ambianeni mliota nini, mlicheka nini.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo tunalificha. Ombi kama hili linamfanya mmoja awe mdhamini na mwingine awe mdhaminiwa. Siku ya ugomvi maneno yanatoka: bila mimi ungekuwa wapi, nikitaka naandika barua leo kesho umeondoka. Wapendwa, hilo ni dhambi, na linavunja kitu ambacho kibali hakitakirudisha. Petro anawaagiza waume wakae na wake zao kwa akili, wawape heshima kama warithi pamoja wa neema ya uzima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe" (1 Petro 3:7). Na mke mwenye uraia asidhani limempita. Tunafunga na kuomba ofisi ifungue mlango, kumbe nyumbani faili limefanywa fimbo. Kama ndivyo ilivyo kwako, anza kwa kuomba radhi. Na kama wewe ndiye unayetishwa au kupigwa, usikae kimya kwa kuogopa kupoteza ukaazi. Mwambie mtu unayemwamini, na mtafute mwanasheria wako mwenyewe. Zipo nchi ambazo sheria inamlinda mwenzi wa namna hiyo hata akiachana na mdhamini wake.

Kuna dada mmoja aliyefiwa na mama yake akiwa katikati ya maombi haya. Alikuwa ameonywa kwamba akitoka nchini bila idhini ombi lake linaweza kuhesabika limeachwa. Akayatazama mazishi kwenye simu. Picha ilikuwa inaganda, sauti inakuja nyuma, na udongo ukaanza kushuka kabla hajasikia mwisho wa sala. Sina aya ya kuweka juu ya hilo ili lisiume. Ninayo Zaburi ya 13, ambamo Daudi anauliza "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza, na Mungu hakumkemea. Mwenye maumivu hayo aiombe kama ilivyo, kwa sauti. Tusimharakishe kushukuru.

Kwa ninyi wengine mnaosoma hili na makaratasi yenu yalishatoka: punguzeni swali la "vipi, bado?" kila mkikutana ibadani. Mnauliza kwa upendo, lakini mwenzenu analazimika kusema "bado" mbele za watu, wiki baada ya wiki. Muulize anaendeleaje. Mkaribishe. Kama hana ruhusa ya kufanya kazi, tazama kama nyumba yao ina mahitaji, usingoje aombe.

Jihadharini pia na wanaotaja tarehe. Yupo anayesema toa sadaka maalumu na kibali kitatoka mwezi huu, na yupo dalali anayesema anamjua mtu ndani. Wote wawili wanakula uchovu wenu. Dalali anaweza hata kuliua ombi, maana hati moja ya kughushi inatosha kulichafua lote. Fanyeni yaliyo mikononi mwenu kwa uaminifu: tunzeni nakala za kila mlichopeleka, andikeni tarehe ambayo pasipoti na kila cheti kinaisha, mkihama toeni taarifa ya anwani mpya, na muda wa kawaida ukipita ulizeni kwa maandishi. Hekalu lilimalizika mwaka wa sita wa Dario, na sehemu ya safari ile ilikuwa barua iliyoandikwa vizuri.

Tuombe. Baba, unajua kila faili liliko. Mkumbuke anayelisoma na anayelingoja. Wape mume na mke hawa chakula cha leo, kazi ya mikono yao, na usingizi. Zuia vinywa vyao na maneno ya vitisho. Wafariji waliozika kwa mbali. Utufanye sisi kanisa lako kuwa ndugu wa kweli kwao, na kwa wema wako uwafungulie njia. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.