Mradi wa neno tūn: jedwali limekaa sawa, d na t bado zinagoma

Jedwali la ndugu wa neno tūn katika lugha za Ulaya limejaa, umebaki mstari mmoja tu, na huo mmoja umekula muda kuliko mingine yote. Neno ni *tūnan la Kigermaniki mame, yaani lugha mama ya Kijerumani, Kiingereza na ndugu zao (nyota ni alama ya umbo lililokisiwa, lisiloandikwa popote). Watoto wake: Zaun ya Kijerumani (uzio), tuin ya Kiholanzi (bustani), town ya Kiingereza (mji), tun ya Kinorwei (ua ulio katikati ya nyumba za mkulima) na tún ya Kiaislandi, yaani shamba la majani lililo jirani na nyumba, linalotiwa samadi.

Irabu haikusumbua. Neno la kupimia ni *hūsan, ‘nyumba’. Pangeni mawili mawili: Zaun na Haus, tuin na huis, town na house, tún na hús, tun na hus. Ū ndefu imekwenda njia ileile kila mahali. Anayetaka neno la tatu achukue la ‘panya’: Maus, muis, mouse, mús, mus. Konsonanti ya mwanzo inapimwa kwa ‘kumi’: zehn, tien, ten, tíu, ti. Hapo t na z zinajibizana vilevile.

Maana nayo imenyooka. Iliyotangulia ni uzio, kisha eneo lililozungushiwa uzio, kisha kilichomo ndani. Waholanzi waliishia kwenye bustani, Waingereza wakaendelea: tūn ya Kiingereza cha kale ilikuwa ua, halafu makazi ya mkulima mmoja, halafu kijiji. Kiskoti kilibaki nyuma kidogo, ambako toun ingali inaweza kuwa kundi la nyumba za shamba moja. Kitenzi tȳnan cha Kiingereza cha kale, ‘kuzungushia, kufunga’, kinaonyesha kuwa uzio ulitangulia. Msemaji wa Kiswahili hahitaji ushahidi mrefu kukubali safari hiyo. Ua ni uzio, na ua ni uwanja uliomo ndani ya uzio. Boma lilikuwa miti na miiba ya kuzuia ng’ombe wasitoke na simba wasiingie. Likawa ngome, likawa makao makuu ya wilaya, na leo Bomang’ombe ni mji kamili wilayani Hai. Neno jingine kabisa, safari ileile.

Sasa mstari unaogoma. Kikelti kina *dūnon, ‘ngome’: dún ya Kiairishi, din ya Kiwelisi, na mkia -dunum katika majina ya enzi za Warumi kama Lugdunum (Lyon ya leo) na Camulodunum (Colchester). Umbo linafanana mno na *tūnan, na maana inagusana. Swali ni kama hawa ni ndugu wa damu au mmoja kaazimwa.

Ugumu wote uko kwenye sauti moja. Kihindi-Kiulaya mame, lugha mama ya Kikelti na Kigermaniki, kilikuwa na *d na *dʰ (d yenye pumzi), zikiwa sauti mbili tofauti. Kikelti kilizichanganya zote kuwa d, kwa hiyo dún peke yake haisemi ilitoka kwa ipi. Kigermaniki kilizitenga: kwa kanuni ya Grimm (mageuzi ya konsonanti yaliyopita Kigermaniki), *d ikawa t, na *dʰ ikawa d. Basi, kama asili ni *d, tūn na dún ni ndugu wa halali, kila mmoja kwa njia yake. Kama asili ni *dʰ, Kigermaniki kilipaswa kuwa na d mwanzoni, na t ya tūn ina maelezo moja tu: neno lilichukuliwa kutoka Kikelti likiwa na d, kabla ya mageuzi ya Grimm kupita, kisha likageuzwa pamoja na mengine.

Na hapo ndipo duin inapoingia. Kiholanzi kina duin, ‘kilima cha mchanga’, na Kiingereza cha kale kina dūn, ‘kilima’, ambayo ndiyo iliyozaa down (of dūne, ‘kutoka kilimani’). Hii ina d. Je, ndiye ndugu halisi wa *dūnon, huku tūn akiwa mgeni aliyeingia mapema? Au ni dūn aliyeingia kwa mkopo baada ya Grimm? Au havihusiani? Kipimo ni lugha zinazotenga sauti hizo mbili: Kilatini (d dhidi ya f), Kigiriki (d dhidi ya th), Kisanskriti (d dhidi ya dh). Nimezipitia zote tatu nikitafuta neno la ‘ngome’ au ‘uzio’ lenye umbo hilo, na sijapata la kuegemea. Inakera, kwa sababu neno moja tu la uhakika lingefunga mjadala.

Kwa sasa naegemea mkopo, kwa sababu ya Reich, neno la Kijerumani la ‘himaya’. *Rīk- ya Kigermaniki ina ī ya Kikelti (neno la kurithi lingekuwa na ē), na k yake imetoka kwenye g ya *rīg- (‘mfalme’ kwa Kikelti), maana yake liliazimwa kabla ya Grimm. Mlango ulikuwa wazi wakati ule. Si uthibitisho kwa tūn, ila kwenye mchoro wa ukoo wa maneno haya mstari wa tūn na dún nimeuweka wa vidoti badala ya kuukata.

Kuhusu zana: saa nyingi zilipotea kwa ū. Inaweza kuandikwa kama herufi moja (U+016B) au kama u ikifuatwa na alama ya juu (U+0304). Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni viwili, kwa hiyo jedwali lilihesabu tūn mara mbili na utafutaji ukaruka nusu ya mistari. Dawa ni kupitisha kila safu kwenye unicodedata.normalize("NFC", x) ya Python kabla ya kupanga. Ú ya Kiaislandi isiguswe. Ni tahajia yao, si alama ya mhariri. Mchoro unatoka Graphviz, programu ya kuchora michoro, ambayo naipenda kuliko kuchora kwa mkono, lakini epukeni splines=ortho (mistari ya pembe mraba) kama mishale ina maandishi: hayakai mahali pake. Tumieni xlabel (maandishi ya pembeni) au mistari ya kawaida.

Majina ya miji ya Uingereza yasiingizwe kwa sura ya sasa, kwani mwisho wake unaweza kudanganya. Swindon ni dūn, ‘kilima cha nguruwe’. Brighthelmstone, jina la zamani la Brighton, linajifanya lina stone, ‘jiwe’, mwishoni, kumbe s ni ya umilikishi na kilichobaki ni tūn ya mtu aitwaye Beorhthelm. Hati ya Domesday ya 1086, orodha ya ardhi ya Uingereza, inasaidia: humo ni Bristelmestune.

Zamu hii ilikuwa ya Kifrisia, ambako tún ni bustani kama kwa Waholanzi jirani zao. Nimekiweka kando, kwa sababu Kislavi kimenivuta: *tynъ, ‘uzio wa magogo’, mkopo kutoka Kigermaniki, t ikiwa tayari imekaa na ū ikageuka y kwa kanuni ya Kislavi. Kirusi kina tyn, na Prague ina Týn, ua wa wafanyabiashara uliozungushiwa ukuta. Waslavi walipolichukua, neno lilikuwa bado uzio, si mji. Safu ya Kislavi inafunguliwa leo, na vichwa vyake vitatu ni umbo, maana ya kwanza kuandikwa, na majina ya mahali.